Arusha, Songea, Mbeya: Kumbukumbu za Safari ya Mzunguko wa Pili

Jumanne, Arusha hadi Dodoma

Ratiba ya mzunguko wa pili imetupangia mechi mbili za kusini kwa mfululizo, Jumamosi Songea na Jumatano inayofuata Mbeya, na kwa timu ya Arusha inayocheza Ligi ya Championship hii ni habari njema kuliko anavyoweza kudhani mtu anayesoma matokeo gazetini tu. Mzunguko wa kwanza wa msimu uliopita tulikwenda kusini mara mbili tofauti, tukarudi nyumbani katikati, na hazina ya klabu ikaisha kabla ya Krismasi. Safari hii tunakwenda mara moja, tunazunguka, tunarudi.

Mimi ni mtunza vifaa. Kazi yangu ni jezi, bukta, soksi, njumu, vikinga ugoko, mipira, koni, vizibao vya mazoezi, maji na sanduku la dawa, na katika timu isiyo na fedha nyingi kazi hiyo huongezeka hadi kutafuta nyumba ya kulala wageni na kupatana bei ya chakula. Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri kwa Kosta ya kukodi, wachezaji ishirini, benchi la ufundi, madereva wawili wa kupokezana, na vifaa vimepangwa viti vya nyuma mpaka juu ya dirisha. Wachezaji waliobaki Arusha hawakubaki kwa sababu ya kiwango pekee. Mwalimu alipewa idadi ya viti na fedha ya vyumba, akachagua kwa kuzingatia hivyo, na jana jioni nilimwona beki mmoja kijana akikunja jezi yake ya mazoezi taratibu baada ya kusikia kwamba jina lake halimo. Hakuuliza swali lolote. Nimeiweka jezi yake kwenye sanduku pamoja na nyingine.

Kwa asiyeifahamu ligi hii, inahusisha timu kumi na sita, kila moja inacheza mechi 30, na nusu ya mechi hizo ni za ugenini. Mbili za juu hupanda Ligi Kuu moja kwa moja. Ya tatu na ya nne huingia kwenye mchujo, na mshindi wao hukutana na timu ya Ligi Kuu iliyopoteza mchujo wake wa kujinusuru. Mbili za mkiani hushuka moja kwa moja. Tofauti kati ya kupanda na kubaki si heshima tu: mwaka 2021 Shirikisho la Soka (TFF) na kampuni ya matangazo ya Azam walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na sisi tunaocheza ngazi ya chini ya pale tunaishi kwa mdhamini wa hapa na pale, kiingilio, na mifuko ya watu wachache wanaoipenda timu.

Barabara ya leo ni nzuri. Tumepita Makuyuni, Minjingu, tukanywa chai na chapati Babati, kisha tukaingia kipande cha kilomita 251 kutoka Babati kwenda Dodoma kupitia Kondoa, ambacho lami yake ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Watu waliosafiri na timu za Arusha kabla ya hapo wanakumbuka vumbi, makorongo na magari yaliyokwama wakati wa mvua, na wengi walikuwa tayari kuzunguka Korogwe, Chalinze na Morogoro ili wasipite hapa. Hakuna usajili wowote uliofanywa na klabu za Arusha katika miaka hiyo uliozisaidia kama lami hii. Tumefika Dodoma alasiri, na mwalimu amewatoa vijana wanyooshe miguu kwenye kiwanja cha shule kabla ya ugali.

Jumatano, Dodoma hadi Njombe

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote za kwenda, karibu kilomita 480 kwa gari lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 kila linapopita kwenye makazi. Asiyepiga hesabu hiyo hatajua kwa nini timu hufika ikiwa imechoka. Kutoka Dodoma tumeshuka hadi bwawa la Mtera, tukavuka juu ya tuta lake, kisha tukapanda milima ya Nyang'oro kuelekea Iringa, na hapo ndipo vijana wawili walipoomba gari lisimame.

Nyuma ya gari mazungumzo yalikuwa juu ya kupanda. Winga wetu wa kushoto, ambaye ana umri wa miaka ishirini na moja na huu ni msimu wake wa kwanza ngazi hii, alinigeukia akaniuliza, "Mzee, hivi timu inaweza kukaa huku chini muda gani?" Nilimtajia Pamba ya Mwanza. Ilikuwa bingwa wa Muungano, yaani wa timu za Bara na Zanzibar, mwaka 1990, ikashuka mwaka 2001, na haikurudi Ligi Kuu hadi mwaka 2024. Aprili ya mwaka huo ndipo ilipokata tiketi yake, na ilikuja kuikatia kwetu, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mbele ya watu waliosafiri kutoka Mwanza kuja kushuhudia. Mtoto aliyezaliwa mwaka Pamba iliposhuka alikuwa mkubwa kuliko huyu winga siku iliporudi. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu Arusha yenyewe, nami nikamwambia kwamba JKT Oljoro ilishuka mwaka 2014 na tangu hapo mkoa wetu haukuwa na timu yake Ligi Kuu. Jiji lenye watalii, mahakama za kimataifa na uwanja mpya wa watu 30,000 unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027 halina klabu ya kuujaza kila wiki. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tumekula Iringa, wali na kuku, kwa fedha iliyotumwa kwenye simu ya meneja wa timu tukiwa njiani. Ilichelewa, tukasubiri mezani, na mama mwenye mgahawa akatupakulia kabla haijaingia kwa sababu alisema hawezi kuwatazama vijana wenye njaa. Halafu Mafinga, Makambako, na kutoka hapo kushoto kuelekea Njombe. Tumeingia gizani, mvua inanyunya.

Alhamisi, Njombe hadi Songea

Baridi ya Njombe si ya kuzungumziwa na mtu wa Arusha anayejidai kuzoea baridi. Vijana wameamka wamevaa suti za mazoezi juu ya nguo zao, na kipa wa akiba ameomba soksi za mechi avae mkononi, nikamkatalia. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, na mbele yetu malori ya mbao na ya viazi yalikuwa yakienda kwa mwendo wa mguu.

Kipande cha Njombe hadi Songea kina takriban kilomita 237, lakini kilomita zake si sawa na za Dodoma. Mteremko wa Lukumburu una kona zinazofuatana, upande mmoja mlima na upande wa pili bonde, na dereva wetu, mtu wa Usa River ambaye hakuwahi kufika huku, alizima redio, akafungua dirisha asikie magari yanayopanda, na hakuna aliyemwambia aongeze mwendo. Nilimpenda kwa hilo. Katika ligi hii dereva anabeba msimu mzima wa klabu mikononi mwake na jina lake halionekani katika karatasi yoyote, na nikipewa nafasi ya kusema katika mkutano mkuu wa wanachama nitapendekeza posho yake ilingane na ya mchezaji kwa safari za namna hii. Si suala la huruma. Dereva anayelala vizuri na kula vizuri ni sehemu ya maandalizi ya mechi.

Tumepita Madaba, tukafika Songea saa nane mchana. Tangu tutoke Arusha tumeshapita zaidi ya kilomita 1,100. Daktari wa timu amepita chumba kwa chumba: miguu imevimba, mmoja ana mafua, mmoja tumbo linamsumbua. Mwalimu alikuwa amepanga mazoezi ya saa nzima, akayapunguza yakawa ya kutembea na kunyoosha viungo. Timu wenyeji, kwa taarifa tulizopata, ilifanya mazoezi kamili asubuhi kwenye uwanja wake na wachezaji wakarudi kulala vitandani mwao.

Ijumaa, Songea

Leo tumepewa uwanja kwa muda wetu. Uwanja wa Majimaji umechukua jina la vita vya 1905 hadi 1907, na mji wenyewe jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Majimaji ya hapa ilikuwa timu kubwa iliyowahi kutwaa ubingwa wa Muungano, na wazee wanaokaa nje ya geti bado wanaizungumzia kwa wakati uliopo. Mzee mmoja aliposikia tumetoka Arusha alisema, "Karibuni sana wanangu, poleni na safari," kisha akatuuliza kama tulilala Njombe au Makambako. Watu wa Songea wanaijua barabara hiyo kuliko sisi, kwa sababu timu yao huipita kila inapokwenda ugenini. Nikafikiri juu ya hilo usiku: sisi tunalalamikia Songea mara moja kwa msimu, wao hawana mechi ya karibu hata moja. Sisi angalau tuna Moshi. Ukicheza huko, Uwanja wa Ushirika, unatoka Arusha asubuhi, unapita kilomita 80, na usiku umo kwako.

Kwenye kikao cha kabla ya mechi, mbele ya kamisaa na waamuzi, tumekubaliana rangi. Jezi zetu za kwanza zilifanana mno na za wenyeji, hivyo tutavaa nyeupe. Moyo wangu uliingiwa na wasiwasi hapo hapo, kwa kuwa mvua inanyesha kila alasiri, udongo wa hapa ni mwekundu, na hizo nyeupe zinahitajika tena Mbeya siku nne baadaye. Leseni za wachezaji zimekaguliwa, zote ziko sawa. Kiungo wetu mkabaji ana kadi mbili za njano, na ya tatu itamkosesha mechi ya Mbeya. Mwalimu amemwambia mbele ya wenzake acheze kama kawaida.

Jioni baadhi yetu tulizungumza juu ya mfumo wa zamani. Kabla ya msimu wa 2021/22 ngazi hii iliitwa Ligi Daraja la Kwanza na ilichezwa kwa makundi, na msaidizi wa mwalimu anaamini tungerudi huko, kwa kuwa kundi lenye timu chache lina mechi chache na safari chache. Ninaelewa hesabu yake lakini sikubaliani naye. Katika kundi dogo, nafasi moja ya kupanda hugombewa na timu zisizowahi kupimwa na nusu nyingine ya ligi, na siku ya mwisho kila mtu anajua idadi ya mabao anayohitaji. Watu wa Arusha hawapaswi kusahau mwaka 2016. Kundi C lilimalizika kwa mechi moja ya 8-0 na nyingine ya 7-0, TFF ikaziadhibu timu zote nne kwa upangaji wa matokeo, JKT Oljoro ya kwetu ikiwa mojawapo, na Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Ligi moja ambayo kila timu inakutana na kila nyingine, nyumbani na ugenini, haizuii uovu wote, lakini bingwa wake amepita kila mahali. Mimi naona afadhali barabara ndefu. Kinachohitaji kurekebishwa ni ratiba, na mifano tunayo katika safari hii hii: timu ya kaskazini ipangiwe mechi za kusini pamoja, timu ya kusini ipangiwe Arusha na Moshi pamoja, na Bodi ya Ligi ilifanye jambo hilo kuwa kanuni, lisitegemee bahati.

Jumamosi, mechi ya kwanza

Chakula kimeliwa saa saba, saa tatu kabla ya mpira kuanza: tambi, kuku wa kuchemsha, ndizi mbivu. Mvua imenyesha saa nane, ikakatika saa tisa na nusu, ikaacha maji kwenye eneo la kona upande wa jukwaa kuu. Nimebadilisha njumu za mabeki wanne zikawa ndefu, na winga wangu wa miaka ishirini na moja nikamkatalia viatu alivyovitaka kwa sababu angeteleza.

Kipindi cha kwanza tulicheza vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulifunga dakika ya thelathini na moja kwa kichwa, kutokana na mpira wa adhabu, na benchi zima likaruka. Baada ya mapumziko nilianza kuiona barabara miguuni mwa vijana. Mtu wa pembeni huiona kabla ya mtu wa jukwaani: beki anayeshika magoti baada ya kila kona, kiungo anayefika kwenye mpira hatua moja akiwa amechelewa, winga anayerudi akitembea. Mwalimu alitumia nafasi zake zote tano za kubadilisha wachezaji, lakini waliotoka benchi walikuwa wamekaa kwenye Kosta ile ile. Dakika ya themanini na tatu wenyeji walisawazisha. Mpira haukuokolewa vizuri, ukaangukia mguuni mwa mtu wao ndani ya eneo la hatari. Baada ya hapo ilikuwa kuomba filimbi.

Sare ya 1-1, alama moja. Mkabaji wetu hakupata kadi. Chumbani hakuna aliyemlaumu mwenzake, na nahodha aliwashukuru waliocheza wakiwa wagonjwa. Nimehesabu jezi: zote nyeupe zimekuwa rangi ya matofali.

Jumapili, Songea hadi Mbeya

Zaidi ya kilomita 450, tukirudi kwa njia ile ile hadi Makambako, kisha kushoto kupita Igawa na Chimala. Nilizifua jezi usiku, mara tatu, kwa sabuni ya mche na maji niliyochota kisimani kwa kuwa bomba lilikuwa kavu, na mama mmoja wa nyumba ya wageni akakaa nami akinisugulia soksi. Hazikukauka. Nimezitandika juu ya migongo ya viti ndani ya gari, na tumesafiri siku nzima na harufu ya sabuni. Wachezaji wengi walilala hadi Njombe. Tumeingia Mbeya usiku.

Jumatatu na Jumanne, Mbeya

Mapumziko na mazoezi mepesi. Tofauti na mechi za pwani, ambako joto la Tanga au Lindi hutumaliza vijana wetu katika nusu saa, mwinuko na hewa ya Mbeya haviwasumbui watu waliozoea kukimbia chini ya Mlima Meru. Jezi zimekauka kwenye jua la Jumatatu asubuhi, na nimezipiga pasi ya mkaa moja moja, madoa yamebaki mabegani tu.

Nilimwonyesha winga upande wa barabara ya kwenda Tukuyu na kumwambia habari nyingine, kwa kuwa ile ya Pamba niliona imemkalia vibaya. Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, ilipanda na msimu wake wa kwanza kabisa wa daraja la juu, mwaka 1986, ikawa bingwa. Hakuamini hadi alipomuuliza mwalimu.

Jumatano, mechi ya pili

Tumefungwa 1-0 Uwanja wa Sokoine, na nitaandika ukweli: hatukuchoka. Siku mbili za kulala ziliwarudishia vijana miguu, tukamiliki mpira kwa muda mrefu, tukagonga mwamba mara moja, na kipa wao akaokoa mpira wa ana kwa ana ambao sijui aliuonaje. Bao lao lilitoka kwa shuti la mbali, zuri, lisilo na lawama kwa mtu. Kwa hiyo sitadai kwamba kupumzika kunaleta ushindi. Nitadai kwamba kunaleta mechi ya haki, ambayo mshindi wake amekuwa bora siku hiyo, na tulipotoka uwanjani vijana walikasirika kwa namna ambayo hawakuwa na nguvu ya kukasirika Jumamosi.

Mkabaji alipata kadi yake ya tatu. Atakosa mechi ya nyumbani.

Alhamisi na Ijumaa, kurudi

Mbeya hadi Dodoma, Dodoma hadi Arusha, zaidi ya kilomita 1,000, bila tatizo lolote isipokuwa tairi moja lililopasuka karibu na Kondoa na kubadilishwa kwa muda mfupi, wachezaji wenyewe wakisukuma jeki. Katika gari nimeandika orodha ya mapendekezo ambayo nitamkabidhi katibu wa klabu Jumatatu, kabla ya safari ya Kanda ya Ziwa. Tulale Singida kwenda, badala ya kuunganisha moja kwa moja. Tufike siku mbili kabla ya mechi, hata ikibidi tupunguze wachezaji wawili katika msafara. Dereva apate chumba chake peke yake. Inunuliwe seti ya tatu ya jezi, ya rangi ya giza. Na klabu iiandikie Bodi ya Ligi barua kuhusu kupanga mechi kwa kanda, ikiambatanisha gharama zetu za mafuta na vyumba za safari hii, risiti kwa risiti, ambazo meneja wa timu amezitunza zote katika bahasha moja.

Jumamosi ijayo tunacheza nyumbani na timu inayotoka pwani. Wataanza safari Alhamisi. Nimemwomba meneja wa uwanja awape muda wa mazoezi Ijumaa jioni, badala ya asubuhi, ili wapate kulala kwanza. Yule beki kijana aliyebaki atacheza mahali pa mkabaji wetu aliyefungiwa, mwalimu ameniambia, na jezi yake iko juu kabisa ya sanduku.